Sina makazi ya kudumu: barua zangu zipitie wapi?

SWALI

Wapendwa washauri,

Mkataba wangu wa kupanga umekwisha na mwenye nyumba hakutaka kuuendeleza. Vitu vyangu nimevihifadhi kwa dada yangu, ila nyumba yake ni ndogo, siwezi kukaa hapo. Kwa sasa nalala kwa rafiki huyu wiki mbili, kwa yule wiki tatu, na kazi yangu ya mkataba hunipeleka mji huu na ule. Sitarajii kupata pa kukaa kabla ya miezi minne au mitano kupita.

Kinachonitesa ni barua. Kadi yangu ya benki inakaribia kuisha muda na mpya itatumwa kwa posta. Hospitali hunitumia tarehe za kliniki kwa barua. Mwenye nyumba wa zamani anadai nimeharibu vitu na ametishia kunipeleka mahakamani. Na kila fomu ninayoishika ina nafasi ya "anwani ya kudumu", na zile za kwenye intaneti hazikubali nafasi hiyo ibaki wazi.

Dada amesema nitumie anwani yake. Shemeji ana wasiwasi kwamba wanaonidai watawageukia wao, au kwamba wataonekana wana mtu wa ziada nyumbani wasiyemtangaza. Rafiki mmoja ameniambia unaweza kuachiwa barua posta hata kama huna sanduku. Mwingine amenipa jina la kampuni inayokodisha anwani. Nishike lipi? Na nikiandika kwamba ninaishi kwa dada, je, nitakuwa nimesema uongo?

Msomaji asiye na makazi

JIBU

Ndugu msomaji,

Tuanze na swali lako la mwisho, kwa sababu jibu lake ndilo linaloongoza mengine yote. Anwani ya makazi na anwani ya barua ni vitu viwili tofauti. Ya makazi hueleza unapoishi, na ofisi huitumia kuamua mambo ya kodi, kura, misaada na bima. Ya barua hueleza tu mahali ambapo bahasha ikiachwa itakufikia. Ukitoa anwani ya dada kama anwani ya barua, umesema kweli tupu. Ukiandika kwamba unaishi hapo ilhali huishi, kisha ukatia sahihi chini ya maneno "nathibitisha kuwa maelezo haya ni ya kweli", umetoa tamko la uongo. Bima ikiligundua inaweza kukataa kulipa fidia, na ofisi ya misaada inaweza kudai irudishiwe fedha zake. Usijiingize humo, hasa kwa kuwa huna haja ya kufanya hivyo.

Kwenye fomu ya karatasi, andika hivi katika nafasi ya makazi: "Sina makazi ya kudumu kwa sasa." Katika nafasi ya anwani ya posta, au pembeni kama nafasi hiyo haipo, andika anwani ya dada na tarehe unayotarajia kuitumia hadi lini. Fomu ya intaneti isiyokubali nafasi wazi, iache. Usijaze nukta, sufuri wala anwani ya zamani ili tu ikuruhusu kuendelea, kwa maana mfumo utaichukua kuwa ndiyo anwani yako na barua zitatumwa huko. Piga simu au nenda dirishani, uombe mhudumu aingize taarifa zako mwenyewe. Wahudumu mara nyingi wana njia ya kuandikisha mtu asiye na makazi ambayo mteja haioni kwenye skrini yake. Asipojua, omba msimamizi. Ombi hili si la ajabu, na taratibu zake zipo. Uingereza, kwa mfano, kliniki ya daktari inaweza kumwandikisha mgonjwa asiye na makazi kwa anwani ya kliniki yenyewe, na mpiga kura wa aina hiyo hujiandikisha kwa kutangaza eneo analofungamana nalo, tangazo linalodumu miezi 12.

Sasa barua. Kwa hali uliyoieleza, tunakushauri anwani ya dada iwe ndiyo kuu. Kaunta ya posta, ile njia aliyokuambia rafiki yako wa kwanza, iwe akiba ya pale utakapokuwa mji wa mbali kwa muda mrefu, na kampuni ya kukodisha anwani uiache hadi njia hizi mbili zishindikane. Anwani ya dada ina faida moja kubwa kuliko zote: pana mtu wa kuona bahasha siku ileile inapofika. Faida hiyo ina uzito wake, kwa sababu ya yule mwenye nyumba.

Watu wengi hudhani muda wa kujibu madai unaanza siku wanapofungua bahasha. Katika sheria za nchi nyingi si hivyo. Chukua England na Wales: hati ya madai iliyotumwa kwa posta ya daraja la kwanza huhesabiwa imekufikia siku ya pili ya kazi baada ya kutumwa, uwe umeiona au hujaiona. Maelezo ya madai yakishahesabiwa yamefika, una siku 14 za kujibu. Ukikaa kimya, mdai anaweza kuomba hukumu bila wewe kusikilizwa. Zaidi ya hapo, kwa mtu binafsi hati inaweza kupelekwa kwenye makazi yake ya mwisho yanayojulikana, yaani nyumba uliyoihama. Kwa hiyo kutokuwa na anwani hakukukingi na kesi. Kunachofanya ni kukunyima nafasi ya kujitetea.

Basi kabla ya kitu kingine chochote, mwandikie mwenye nyumba wa zamani barua fupi yenye tarehe: umehama siku fulani, na nyaraka zote kuanzia sasa zitumwe kwa anwani ya dada, kupitia kwake. Tuma kwa rejista, utunze risiti na nakala ya barua. Kama una barua pepe yake, tuma na huko maneno yaleyale. Hataweza tena kudai kwa urahisi kwamba hakujua pa kukupata. Kama kesi imekwishafunguliwa, taarifa kama hiyo iende mahakamani ikiwa na namba ya kesi. Kumwambia mdai peke yake hakutoshi.

Namna ya kuandika anwani yenyewe ina umuhimu kuliko inavyoonekana. Mstari wa kwanza ni jina lako kamili kama lilivyo kwenye kitambulisho. Mstari wa pili ni "kupitia kwa" na jina la dada kama linavyojulikana hapo nyumbani. Kwenye barua za kimataifa tumia alama ya c/o, ambayo posta nyingi huitambua. Kisha namba ya nyumba na mtaa au sanduku la posta, kisha mji na msimbo wa posta, na nchi mwishoni ikiwa barua inatoka nje. Mstari wa pili ukikosekana, mpeleka barua anayezijua nyumba zake ataona jina geni na anaweza kuirudisha. Ujerumani, kwa mfano, mpeleka barua hutazama jina lililobandikwa kwenye kisanduku cha mlangoni, na hata mtu aliyeandikishwa rasmi hapo hukosa barua zake kama jina halipo. Mwombe dada abandike jina lako chini ya lake siku hiyohiyo mnayokubaliana. Na kama yeye na shemeji ni wapangaji, wasome kwanza mkataba wao. Kupokea barua za mtu si kumpangisha, lakini mwenye nyumba wao akiambiwa mapema hatashtuka kuona jina jipya.

Hofu ya shemeji ni ya haki na inastahili kujibiwa uso kwa uso. Deni ni la mtu aliyelikopa. Halihami kwa sababu barua zake hupokelewa mahali fulani. Uingereza, kumbukumbu za mikopo za watu wawili huunganishwa na mambo ya fedha waliyoshirikiana, kama akaunti ya pamoja au mkopo wa pamoja. Kutumia anwani moja hakuziunganishi. Lakini tusimfiche: mkusanya madeni anaweza kubisha hodi akikuulizia, na wakati huo ni vizuri pawe na karatasi ya kumwonyesha kwamba wewe huishi hapo na mali iliyomo ni ya wenye nyumba. Kwa sababu hiyohiyo, orodhesha vitu vyako ulivyoviacha hapo, mtie sahihi nyote, ili visije vikachanganywa na vyao. Kuhusu mtu wa ziada, swali lake lina msingi pale ambapo kaya ina nafuu inayotegemea idadi ya watu. Uingereza tena, mtu mzima anayeishi peke yake hupunguziwa kodi ya halmashauri kwa asilimia 25, na jina la pili likionekana kwenye anwani hiyo halmashauri inaweza kuuliza. Nafuu haiondoki kwa sababu ya bahasha. Inaondoka mtu akihamia. Swali likija, karatasi ileile ndiyo jibu.

Karatasi hiyo iwe nusu ukurasa tu. Itaje majina yenu, anwani, na kwamba ni kwa ajili ya barua pekee. Iwe na tarehe ya kuanza na ya kwisha. Ieleze nani anaruhusiwa kupokea na kutia sahihi kwa niaba yako vitu vya rejista, na kwamba bahasha hazifunguliwi bila wewe kusema. Mtie sahihi wawili, kila mmoja abaki na nakala. Weka mwisho wake miezi sita badala ya minne, kwa sababu nyumba huchelewa kupatikana na ni rahisi kufupisha muda kuliko kukimbizana na ofisi kumi kuurefusha.

Mwombe dada kazi moja tu: bahasha ikifika, aipige picha mbele na nyuma akutumie siku hiyohiyo. Picha hukuonyesha mtumaji na muhuri wa tarehe, na hapo utaamua kama afungue na kukusomea au ikusubiri. Asiandike kamwe "hayupo" na kuirudisha posta, hata kwa nia njema ya kueleza kwamba huishi hapo. Bahasha ikirudi na neno hilo, benki na ofisi za serikali huchukulia anwani imekufa, husitisha kutuma, na wakati mwingine hufunga akaunti hadi ujitokeze mwenyewe.

Kadi ya benki tungependa isipite njia hii kabisa. Bahasha za kadi aghalabu huwa na maelekezo kwamba zisihamishiwe anwani nyingine bali zirudishwe kwa benki. Ombi lako la kuhamisha barua posta halitazigusa, na pengine kadi itachanwa kabla hujajua ilitumwa. Namba ya siri nayo, ikiwa ni mpya, huja katika bahasha tofauti, siku kadhaa mbele au nyuma, kwa hiyo hata aliyeipata kadi anaweza kuikosa namba. Nenda tawini kabla kadi ya zamani haijafika mwezi wake wa mwisho, ubadilishe anwani ya barua, na uombe kadi itumwe tawini uichukue kwa kitambulisho. Fanya hivyo sasa hivi, wakati kadi ya zamani bado inafanya kazi na inaweza kutumika kukuthibitisha.

Rafiki yako aliyekuambia habari za posta amesema kweli. Huduma hiyo huitwa Poste Restante, na jina hilo la Kifaransa hutambulika katika nchi nyingi kwa sababu Kifaransa ni lugha rasmi ya Umoja wa Posta Duniani tangu umoja huo uanzishwe mwaka 1874. Marekani huiita General Delivery. Bahasha huandikwa jina lako, kisha jina la huduma, kisha ofisi ya posta uliyoichagua na msimbo wake. Udhaifu wake ni muda. Uingereza, barua iliyotumwa kutoka ndani ya nchi husubiri wiki mbili, ya nje mwezi mmoja, kisha hurudi ilikotoka. Marekani haizidi siku 30, na mtumaji anaweza kutaka muda mfupi zaidi. Linganisha wiki mbili hizo na siku 14 za mahakama na utaona kwa nini hatutaki kaunta iwe njia yako kuu: mtu anayepita posta kila baada ya wiki mbili anaweza kuikuta hati siku moja baada ya muda wa kujibu kwisha. Ukiitumia, pita mara moja kwa wiki, siku ileile.

Kabla ya kumpa yeyote anwani ya kaunta, fika ofisini uulize mambo matatu: kama tawi hilo linatoa huduma hii, kwa kuwa si kila tawi hufanya hivyo; linashika barua siku ngapi; na kitambulisho gani kinakubalika. Jina kwenye bahasha lilingane na la kitambulisho. "J." mahali pa jina kamili, au jina la ndoa wakati kitambulisho kina la ukoo, humpa karani sababu ya kukunyima. Angalia pia tarehe ya mwisho ya kitambulisho chako. Kikiisha katikati ya miezi hii utabanwa pande mbili: barua haitoki bila kitambulisho, na kitambulisho kipya kinatumwa kwa barua. Kama kimebakiza chini ya miezi sita, kihuishe kwanza.

Kampuni za kukodisha anwani zinafaa kwa mwenye biashara au anayesafiri nje ya nchi, ila zina masharti ambayo matangazo hayayasemi. Benki nyingi hutambua kwamba anwani ni ya kibiashara na huikataa kama makazi. Marekani lazima ujaze fomu namba 1583 ya idara ya posta na kuonyesha vitambulisho viwili. Ukiondoka hapo, posta haitapokea ombi la kawaida la kuhamisha barua zako. Itabidi umtegemee wakala yuleyule akutumie, kwa gharama yako. Siku anapofunga duka, barua zako zote zinaning'inia.

Pana njia nyingine ambayo hukuitaja, na kwa mtu asiye na ndugu wa kumpokelea ndiyo ingekuwa ya kwanza. Baadhi ya nchi humpa mtu asiye na makazi anwani rasmi kisheria. Ufaransa, kituo cha huduma za jamii cha manispaa au chama kilichoidhinishwa hukusaili, kisha hukupa cheti cha anwani cha mwaka mmoja kinachohuishwa. Kinakubalika kwa kitambulisho, benki, misaada na kura, lakini ukipita miezi mitatu mfululizo bila kujitokeza unaweza kufutwa. Ubelgiji hutoa anwani ya rejea katika ofisi ya ustawi wa jamii ya manispaa. Ireland, shirika la posta la An Post lilianza mwaka 2019 kutoa bure anwani binafsi ya kupokelea barua katika ofisi ya posta unayoichagua mwenyewe. Uliza ofisi ya manispaa, posta, na vituo vinavyohudumia watu wasio na makazi hapo ulipo kama kuna kitu cha namna hii. Ukikipata, kichukue hata kama una anwani ya dada, maana chenyewe hukuondolea usumbufu wa ile nafasi ya "anwani ya kudumu".

Ukishakubaliana na dada, usitangaze anwani bado. Jitumie barua mwenyewe ya kawaida, na nyingine ya rejista, zote zikiwa zimeandikwa vilevile utakavyowaandikia wengine. Zikifika zote, anwani inafanya kazi. Ya rejista ikikwama kwa sababu karani anataka barua ya idhini, umejua kwa gharama ya stempu tu.

Hapo ndipo uombe posta ihamishe barua za nyumba ya zamani. Uingereza huduma hiyo huuzwa kwa miezi 3, 6 au 12. Marekani uhamisho wa muda huanzia siku 15, hufika miezi sita kwa ombi la kwanza, na unaweza kurefushwa hadi jumla ya mwaka mmoja. Ichukue kuwa mtego wa kuwanasa watumaji uliowasahau: kila bahasha inayofika na kibandiko cha posta ina anwani ya zamani, na mtumaji wake ataarifiwe wiki hiyohiyo. Vifurushi vya kampuni binafsi za usafirishaji havimo, kwa sababu havipiti mikononi mwa posta. Kumbuka pia kwamba ombi ni la jina. Kama umewahi kuandikwa kwa majina mawili, taja yote mawili.

Waarifu watumaji kwa mpangilio wa hatari. Wenye barua za siku za mwisho watangulie: mahakama, uhamiaji kama unahusika, kodi. Kisha benki, hospitali, bima, mwajiri. Hospitali waombe pia tarehe za kliniki zije kwa simu au ujumbe mfupi, barua ibaki kuwa ya pili. Kukosa miadi mara moja au mbili huweza kukuondoa kwenye orodha. Kwa kila ofisi andika mahali pamoja siku uliyowaarifu, kwa njia gani, jina la mhudumu, na kama wamethibitisha kwa maandishi. Daftari hilo ndilo utakalofuata siku utakapopata nyumba, kwa sababu ofisi zilezile zitahitaji kuarifiwa tena.

Siku hiyo ikifika, usiikate anwani ya dada mara moja. Mwombe aendelee kupiga picha bahasha kwa wiki sita nyingine na jina lako libaki mlangoni. Kisha libanduliwe, na nyote mtie sahihi kwenye zile nusu kurasa zenu kwamba makubaliano yamekwisha, pamoja na tarehe. Shemeji abaki na ile ya dada.